Mizani ya Ramadhani

Kila mwaka wanafunzi wangu wa biashara huniletea barua za kuomba nafasi za mafunzo kwa vitendo, na karibu zote huelekezwa kwenye benki na kampuni za simu za Dar es Salaam. Nami huzitia saini. Safari hii nilisita, kwa kuwa nilikuwa nimetoka Njombe.

Katika kata ya Ramadhani nilimkuta mama akiuza viazi mviringo shambani. Gunia lilijazwa kupita mdomo, likashonewa kilemba, lumbesa kamili, naye akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lile halikuhitaji mizani kujulikana kwamba limezidi. Nikamuuliza kwa nini anakubali.

"Nikikataa, mwalimu, lori linakwenda kwa jirani."

Lori likaondoka kuelekea Makambako, kuishika barabara kuu. Mimi na shahada yangu ya uzamivu tukabaki kimya.

Wanafunzi wawili wenye mizani, daftari na simu ya kuulizia bei za sokoni wangemfaa kuliko mimi. Wangemkokotolea gharama za mbegu na mbolea, wakawakutanisha majirani wauze kwa pamoja, lori likose pa kukimbilia. (Wapo wenzangu watakaosema hiyo si kazi ya msomi. Sijui basi ni ya nani.)

Barua moja nimeirudisha, nikamshauri mwenyewe aende Njombe. Ameniuliza nani atalipa nauli na chumba. Ameuliza kwa haki, na fungu la kumlipia bado sijalipata.