Ukurasa wa 1909

Najua nimepotea, karibu mwezi mzima sijaandika kitu humu, na wawili watatu mmeshanitumia ujumbe mkiuliza kama nimeacha chuo. Sijaacha. Nipo, ila pendekezo la utafiti ndo limenimeza mzima mzima. Walioshapita mwaka wa nne wanaelewa. Ambao hamjafika, subirini tu zamu yenu.

Leo nawasimulia aibu yangu mwenyewe. Nimefikiria sana kama niiandike au niifiche, lakini nikasema hapa si ndo mahali petu pa kusemea.

Mada yangu mnaijua, nimeshawachosha nayo kule kantini. Mgonjwa wa kiharusi akiletwa wodini, anakaa siku chache tu kisha anaruhusiwa. Huku sisi watu wa fizio ni wachache, na nyumbani kwake ni mbali, nauli ya kurudi kliniki ni mtihani. Nikajiuliza, kwa nini tusimfundishe mke, mtoto au dada yake yale mazoezi, waendelee naye nyumbani? Wazo safi. Kila niliyemweleza alitikisa kichwa kwa kukubali. Hata mpishi wa kantini alikubali, na yule huwa hakubali kitu.

Sasa pendekezo linataka rejea. Mi nilikuwa nazo 41, na nilikuwa najisifu nazo. Nilizipataje? Semeni ukweli, na nyie mnazipata vipi? Nilichukua tasnifu ya kaka mmoja aliyemaliza zamani, yenye mada inayofanana na yangu, nikachuma sentensi moja moja pamoja na mabano yake. Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilisema kwamba kuwafundisha ndugu humsaidia mgonjwa kupata nafuu ya viungo, halafu mabano: Kalra na wenzake, 2004. Nikaiangalia kwenye mtandao, nikakuta hiyo makala imenukuliwa mamia ya mara. Na jarida lenyewe ni British Medical Journal, siyo jarida la kuokota njiani. Nikasema hapa hamna wa kunigusa.

Jumatatu msimamizi wangu akaniita ofisini.

"Hii ya Kalra umeisoma?"

"Nimeisoma, Madamu."

"Inaanzia ukurasa wa ngapi?"

Nikachungulia karatasi yangu. "1909, Madamu."

Akanigeuzia kompyuta yake. Makala ilikuwa wazi pale, ukurasa wa 1099. Halafu akafungua kabati, akatoa tasnifu ya yule kaka, akaenda moja kwa moja kwenye orodha ya rejea. 1909. Kosa lilelile, tarakimu zilezile zimepishana. "Huyu nilimsimamia mimi," akasema, "na wakati ule hata mimi sikuliona." Hakunifokea. Bora angefoka, maana nilibaki nimesimama pale kama mti wa bendera.

Baadaye nikagundua kumbe ugonjwa huu una watafiti wake. Mwaka 2003 wawili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Simkin na Roychowdhury, walifuatilia makosa ya uchapaji kwenye orodha za rejea, kama hili la kwangu. Kosa moja linapojirudia kwa watu wengi, wengi wao watakuwa wamenakiliana bila kufungua makala yenyewe. Kwa hesabu zao, wanaonukuu makala baada ya kuisoma kweli ni kama asilimia 20 tu. Yaani kila mkiona makala imenukuliwa mara mia tano, jueni tu kwamba imetajwa mara mia tano. Kusomwa ni habari nyingine.

Usiku ule nikaisoma ya Kalra kwa mara ya kwanza. Ilihusu wagonjwa 300 wa kiharusi huko Uingereza, kituo kimoja, wakafuatiliwa mwaka mzima. Ndugu waliofundishwa walielemewa kidogo kuliko wenzao, wasiwasi na huzuni vikapungua, wagonjwa nao wakaona maisha yao yana afadhali, na gharama zikashuka. Haya ni mazuri kabisa. Lakini muhtasari wenyewe, pale juu kabisa, unasema vifo havikubadilika, waliopelekwa kwenye nyumba za kutunzia wagonjwa hawakupungua, na ulemavu haukubadilika. Ulemavu haukubadilika! Sentensi niliyokuwa nikitembea nayo kifua mbele ilikuwa inasema kinyume cha makala iliyoitaja.

Mngedhani aibu ni hiyo ya ofisini. Hapana. Hii inayokuja ndo iliyonikosesha usingizi.

Miezi miwili kabla ya hapo, nikiwa kwenye mafunzo ya vitendo wodini, kulikuwa na mzee mmoja amepooza upande wa kulia. Mke wake alikuwa anauza vitumbua, mama mmoja mchapakazi sana, anakuja na kanga yake kichwani hata kabla mlango haujafunguliwa. Siku mzee anaruhusiwa nilimfundisha mama namna ya kumgeuza kitandani, kumkalisha, kumnyoosha mkono na mguu, kumsimamisha. Mara tatu kwa siku, nikamwambia. Akaniuliza, "Mwanangu, nikifanya haya yote atatembea?" Na mimi kwa kichwa changu kigumu nikamjibu, "Ndiyo mama, tafiti zinasema."

Tafiti zipi? Ule ukurasa wa 1909.

Basi nikaanza kutafuta upya, safari hii nikisoma. Na mambo yakazidi kuwa mabaya. Kumbe mafunzo yaleyale ya London yalijaribiwa tena kwa upana zaidi, vituo 36 vya kiharusi Uingereza, wagonjwa 928 kila mmoja na ndugu yake, matokeo yakachapishwa kwenye Lancet mwaka 2013. Baada ya miezi sita hakukuwa na tofauti kwa mgonjwa, wala kwa mzigo wa ndugu. Hata ile afadhali ya ndugu iliyoonekana mwaka 2004 haikuonekana tena. Nikajifariji, Uingereza bwana, kule wana kila kitu, huku ni tofauti. Nikageuza ukurasa nikakutana na India. Utafiti unaitwa ATTEND, Lancet tena, 2017. Hospitali 14, wagonjwa 1,250, ndugu wanafundishwa hospitalini na fizio kisha wanaendelea nyumbani. Yaani wazo langu, neno kwa neno. Baada ya miezi sita, waliokufa au kubaki wategemezi kwenye kundi la mafunzo walikuwa asilimia 47. Kundi lisilo na mafunzo? Asilimia 47.

Nilifunga kompyuta nikaenda kununua chipsi mayai.

Sitawadanganya, wazo la kwanza lilikuwa niiache hiyo ya India. Nani ataijua? Jopo la watahini lina watu watano na kila mmoja ana shughuli zake. Mwenzangu wa chumbani, ambaye anasoma uhasibu, akaniambia kwao wanaita hiyo kuficha deni kwenye vitabu. Akacheka akalala. Mi sikulala. Mwaka 2009 jamaa anaitwa Greenberg aliandika kwenye British Medical Journal jinsi imani inavyojengwa kwa kunukuu. Alichora ramani ya makala zilizohusu protini moja kwenye ugonjwa wa misuli, nani kamtaja nani. Zile zilizounga mkono imani zilitajwa na kutajwa tena, zilizoipinga zikaachwa pembeni kama mtoto wa kambo, mpaka dhana ikageuka kuwa ukweli bila ushahidi mpya kuongezeka. Nikajiona mimi mle ndani. Kama ningeiacha ya India, na mwakani mdogo wangu wa mwaka wa tatu akachuma sentensi kwangu kama nilivyochuma kwa kaka, ndo basi tena.

Hapa niwaambie na kile kipimo tunachokiabudu, impakti fakta. Wengi tunalitaja tu hilo neno. Hesabu yake ni rahisi: tuseme jarida limechapisha makala 100 kwa miaka miwili, na mwaka unaofuata makala hizo zikanukuliwa mara 300, basi kipimo chake ni 3. Mwisho. Wazo la kuhesabu manukuu lilitoka kwa Eugene Garfield, Mmarekani aliyeliandika mwaka 1955, na kipimo chenyewe kilikuja kuwasaidia wakutubi kujua wanunue majarida gani. Ni wastani wa jarida zima. Hakisemi chochote kuhusu makala moja iliyomo ndani. Mwaka 2012 wanasayansi walikutana San Francisco, wakatoa tamko kwamba watu wasipimwe kwa namba ya jarida. Na kwetu fizio ina ubaya zaidi, kwa sababu sisi ni wachache, hivyo wa kutunukuu ni wachache. Halafu wanaotumia kazi zetu hasa wako wodini na vijijini. Yule mama wa vitumbua akinyoosha mkono wa mumewe hanukuu mtu. Hakuna mashine inayomhesabu.

Hiyo hiyo tamaa ya namba ndo inaleta zile barua pepe za "Mheshimiwa Profesa, tuletee makala yako, itachapishwa ndani ya siku tano." Mi nimeipata, mwaka wa nne, profesa! Ada yao ilikuwa inazidi bumu langu. Nimefuta.

Kitu kilichonisaidia zaidi ni PEDro. Ambao hamuijui, ni hazina ya tafiti za fiziotherapia iliyoanzishwa Sydney, Australia, mwaka 1999, na kuisaka ni bure hata kwa simu. Majaribio yanapewa alama kati ya 0 na 10 kwa namna yalivyofanywa: je, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, aliyepima alijua nani yuko kundi gani, wangapi walipotea njiani. Haijali nani maarufu. Na msishangae mkikuta utafiti mzuri una 8. Kwenye fani yetu kumi ni ngumu mno, maana huwezi kumficha mgonjwa kwamba anafanyishwa mazoezi, na anayemfanyisha huwezi kumficha pia.

Madamu nilimpelekea yote, pamoja na India. Nilidhani ataniambia nibadilishe mada. Akasoma kimya, kisha akauliza, "Lile kundi jingine la India, unadhani nyumbani walikuwa peke yao?" Nikawaza. Mgonjwa wa India ana mke, ana mama, ana wakwe, kama huku tu. Nani angekaa amtazame mtu wake amelala? Huenda hata wasiofundishwa walifanya kitu. Huo ni uwezekano, siyo jibu, na sitauandika kama jibu. Lakini umebadilisha swali langu. Badala ya kuanza kupima kama mafunzo yanafanya kazi, nataka kwanza kujua ndugu wanafanya nini nyumbani, mara ngapi, na kinawagharimu nini.

Swali hilo la mwisho alinipa yule mama. Alikuja Jumatano, siku ya kliniki, na mzee kwenye kiti cha magurudumu. Nikamwamkia, nikakaa naye kwenye benchi nje. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikwambia tafiti zinasema baba atatembea. Nilikosea. Hazisemi hivyo. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati, na hayo mazoezi peke yake sijui kama ndo yanayoamua."

Akanyamaza kidogo. Nilitegemea akasirike.

"Mi nilidhani nakosea mimi," akasema. "Nafanya mara tatu kila siku, haendi. Nikasema labda sijui kufanya. Hata vitumbua nimeacha kwenda kuuza."

Jamani. Miezi miwili huyu mama amejilaumu usiku na mchana, biashara imelala, kwa sababu ya sentensi niliyoinakili.

Halafu akashika kiuno, akaniuliza kama ninaweza kumwonyesha namna ya kumnyanyua mzee bila mgongo kuuma. Tukaingia ndani tukafanya hilo, karibu saa nzima, na mzee mwenyewe akawa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo akiona ninavyohangaika kumwigiza. Tumekubaliana mara moja kwa siku, asubuhi, halafu aende sokoni.

Utetezi ni Alhamisi saa nne. Rejea zilikuwa 41, zimebaki 19, zote nimezisoma, na ya India iko ukurasa wa pili ambako hakuna mtahini atakayeikosa. Mwenye printa yenye wino hosteli za chini anitafute kabla ya Jumatano jioni, karatasi ninazo.