Kiwavi cha Mpira

Wanafunzi wanaojifunza Kifaransa walijua neno chenille. Ni kiwavi, yule mdudu ambaye wengi wetu tumemla kwa ugali na kumshukuru Mungu. Kwa neno hilohilo Wafaransa huuita ule mkanda ambao mashini nzito hutembelea badala ya magurudumu, na mtu aliyewahi kutazama tingatinga likipita barabarani hataulizia sababu ya jina hilo. Leo, wasomaji wapenzi, twataka kusema habari za kiwavi cha namna hiyo, kisicho cha chuma, bali cha mpira. Huenda mmoja wenu atacheka kwamba mwalimu ameacha sarufi na kuingia karakana. Acheke tu, kisha asome.

Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyekuwa akitunza motokaa za mfalme wa Urusi, Nikolai wa Pili, alizifunga mikanda laini zipate kupita juu ya theluji. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 alirudi kwao, na kazi yake ikachukuliwa na kiwanda cha Citroën. Mwezi wa Oktoba 1924 motokaa 8 za namna hiyo ziliondoka Colomb-Béchar, katika Algeria, zikavuka jangwa la Sahara, zikapenya misitu ya kaskazini ya Congo yetu, na mwezi wa Juni 1925 baadhi yake zilikuwa zimefika Tananarive, kisiwani Madagaska. Basi mikanda laini si mgeni katika nchi hii. Ile mashini ndogo ya kupakia udongo, itembeayo juu ya mikanda ya mpira, ndiyo iliyochelewa: kampuni ya Takeuchi ya Japani ilitoa ya kwanza yake mwaka 1986.

Faida yake ni nyepesi kueleza. Gurudumu hukanyaga ardhi mahali padogo, likazama. Mkanda hutandaza uzito wa tani 3 au 4 juu ya eneo kubwa, na mashini hupita juu ya matope pasipo kufukia miguu. Tena mpira hauvunji barabara kama chuma kinavyovunja. Lakini mpira una adui wake, nasi wa Goma twamjua, maana twajenga nyumba zetu kwa huyo adui. Ni jiwe la volkano. Mlima Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, na tena Januari 2002, ukaunguza hata kanisa kuu letu la Mtakatifu Yosefu. Na tarehe 22 Mei 2021 ukatapika mara ya tatu. Moto ule ukipoa huacha mawe yenye makali kama chupa iliyovunjika. Mtoto akianguka juu yake, goti lake latueleza mengi.

Mwaka 2022 parokia moja ya pembezoni mwa mji ilikuwa ikisawazisha kiwanja cha shule juu ya mawe hayo. Mkristu mmoja, mkandarasi, aliikodisha mashini yake kwa bei ya huruma, kwa sharti kwamba mikanda ikiharibika katika kazi hiyo parokia itasaidia kununua mingine. Ikaharibika. Ndani ya mpira wa mkanda mmezikwa nyuzi za chuma zinazozunguka toka mwanzo hata mwisho, nazo ndizo mishipa yake. Mpira ukipasuka, maji huingia, chuma hushika kutu, na siku moja mkanda hukatika ghafula, pengine mashini ikiwa kwenye mteremko na ndoo imejaa. Upande wa kushoto nyuzi zilikuwa zimeonekana wazi. Upande wa kulia palikuwa na nyufa tu.

Hapo kamati ikagawanyika. Fedha zilizokuwapo ziliwekwa kwa ajili ya mabati ya madarasa 2, na mvua za Septemba zilikuwa karibu. Wengine walisema, na si kwa ujinga, tununue mkanda mmoja, wa kulia ungali na nguvu. Fundi aliyeitwa, mzee wa maneno machache, alijibu hivi: «Wazazi wangu, mtu akivaa kiatu kipya mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, atatembea akiyumba, na hicho kipya ndicho kitakachoisha upesi.» Alionyesha pia gurudumu lenye meno linalouvuta mkanda: meno yalikuwa yameliwa, yamekuwa makali kama kulabu. Meno ya namna hiyo huutafuna mkanda mpya kwa muda mfupi. Yabidi gurudumu nalo libadilishwe. Tuliwaona wajumbe wakitazamana. Sisi twaona fundi alikuwa na haki, ijapokuwa neno lake liliwafanya watoto wa darasa la tatu kusoma chini ya turubai miezi miwili zaidi. Paa lingengoja. Mtu anayeendesha mashini juu ya mteremko hangoji.

Kazi yenyewe ilifanyika siku ya Alhamisi. Kwanza mashini ilipelekwa mahali tambarare na pagumu, ndoo ikashushwa chini. Halafu iliinuliwa kwa jeki, ikaketishwa juu ya magogo manene, hata mikanda yote miwili ikaning'inia hewani. Injini ikazimwa, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa fundi, si kwenye kiti. Jambo hilo la ufunguo lilitupendeza sana.

Sasa inakuja hatua ambayo kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu. Mkanda hukazwa na gurudumu la mbele, nalo husukumwa na grisi iliyojazwa kwa pampu ndani ya mtungi wa chuma. Grisi hiyo imebanwa kwa nguvu za kutisha. Ili kuulegeza mkanda, fundi hufungua kidogo valvu iliyo ubavuni, chini ya kifuniko, nayo grisi hutoka. Kijana msaidizi, aliyeacha shule katika darasa la tano, alishika spana, akainama uso wake mbele ya valvu ile apate kuona vizuri. Mzee alimvuta shati kwa nyuma, kwa ukali ambao hatukuutazamia.

«Kaa ubavuni, mtoto wangu! Na usiizungushe mpaka mwisho.»

«Ni grisi tu, Baba Fundi.»

«Grisi tu?» Akamwonyesha kidole chake cha shahada, kilichokuwa kifupi kuliko vingine.

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi vijana wa karakana, shikeni neno hili. Grisi au mafuta yenye kubanwa hivyo yaweza kutoboa ngozi kama sindano. Tundu lake ni dogo, pengine halitoki damu, wala mwanzoni haliumi sana. Basi mtu hufuta mkono wake kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Kumbe ndani nyama inaharibika. Aliyepatwa hivyo aende hospitali saa ileile kumwona daktari wa upasuaji, asingoje kesho, asipake dawa ya kienyeji. Kukawia ndiko kunakopoteza vidole, hata mkono mzima.

Valvu ikalegezwa polepole, grisi ikamiminika kama uji mweusi, gurudumu la mbele likarudi nyuma. Kwa mtaimbo mkanda mzee ukatolewa. Mpya ulihitaji wanaume wanne kuubeba. Fundi alitazama kwanza mchoro wa kukanyagia unaelekea wapi, akauvisha kwenye meno ya nyuma, ndipo akauleta kwenye gurudumu la mbele. Valvu ikafungwa, grisi ikapigwa kwa pampu, mikanda ikazungushwa pole hewani, mbele na nyuma, ikapimwa. Ukilegea mno huchomoka kazini. Ukikazwa mno huua beringi. Kila mtengenezaji huandika kipimo chake katika kitabu cha mashini, na mzee alikuwa nacho, kimechakaa kuliko misale.

Tulipokuwa tukimngoja tuliushika mpira ule mpya, tukakumbuka kwamba wakati wa serikali ya Leopold wa Pili, kabla ya mwaka 1908, watu wa nchi hii walilazimishwa kugema utomvu wa mitambaa ya msituni, na wengine walikatwa mikono kwa ajili yake. Siku hizi mpira mwingi watoka Asia, na mwingine hutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Kijana hakuijua habari hiyo. Tulimweleza, naye akaitazama mikono yake iliyojaa grisi, asiseme kitu.

Jioni ya siku ya kwanza ya kazi fundi alirudi kupima tena, kwa maana mkanda mpya hunyooka. Aliongeza grisi kidogo. Tena alimwagiza dereva asigeuze mashini papo hapo juu ya mawe, bali azunguke kwa duara pana, kama mtu mwenye adabu apitaye kati ya wazee. Mikanda mizee haikutupwa. Akina mama wa jirani waliiomba, wakaitandaza kwenye njia ya kisimani, pale penye utelezi.