Gita, tabla na mtungi: funzo la bendi ya Shakti

Leo tupumzike kidogo na mambo ya seva na hifadhidata, tuongee muziki. Lakini usikimbie, maana najijua: mwishoni nitarudi kazini tu.

Kwa wiki tatu sasa, kila nikiketi mbele ya tarakilishi masikioni nina bendi moja tu, Shakti. Aliyeniletea ni mwenzangu kazini, kijana wa Kihindi aliyezaliwa na kulelewa Parklands. "Sikiza usiku, bwana, si mchana na kelele za matatu," aliniambia. Nikasikiza. Usingizi ukaniruka.

Kwa wasiowajua: mwaka 1969 mpiga gita Mwingereza, John McLaughlin, alialikwa na Miles Davis kurekodi albamu ya In a Silent Way, kisha Bitches Brew. Baadaye akaunda Mahavishnu Orchestra, bendi ya jazz iliyochanganywa na roki, yenye umeme na kelele za kutikisa ukuta. Ilimpa jina kubwa. Ghafla, katikati ya miaka ya 1970, huyo huyo akaonekana ameketi miguu imekunjwa, ana gita la kawaida lisilo la umeme, amezungukwa na Wahindi: L. Shankar kwenye fidla, Zakir Hussain kwenye tabla, na T.H. Vinayakram akipiga ghatam. Ghatam ni mtungi wa udongo. Ndiyo, mtungi, kama ule wa maji wa nyanya yako, isipokuwa huu umetengenezwa upigwe. Kwenye albamu ya kwanza aliongezeka Ramnad Raghavan na ngoma ya mridangam. Ilirekodiwa mbele ya watu tarehe 5 Julai 1975, katika chuo cha Southampton, jimbo la New York. Zakir alikuwa na miaka 24. Mimi nina 28 na bado naomba ruhusa ya bosi kubadilisha rangi ya kitufe.

Sasa tuingie kwenye ufundi. Muziki wa jazz kwa kawaida husimama juu ya kodi. Si kodi ya serikali. Ni zile noti tatu au nne zinazopigwa kwa pamoja. Kodi zinabadilika kwa mpangilio, na anayepiga peke yake anatembea juu yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Muziki wa jadi wa Kihindi hauna mawe hayo. Una raga, yaani noti zilizochaguliwa pamoja na adabu ya namna ya kuzipanda na kuzishuka, na una tala, mzunguko wa mapigo. Tena "muziki wa Kihindi" wenyewe ni mifumo miwili, wa kaskazini na wa kusini. Tabla ni ya kaskazini. Ghatam na mridangam ni za kusini, na fidla ya Shankar ilitoka huko huko kusini. Kwa hiyo Shakti ilikuwa na mifumo mitatu.

Utaunganishaje? Njia rahisi ni kuiweka sambamba. Jijini London mwaka 1966, Joe Harriott, mpiga saksofoni kutoka Jamaika, na John Mayer, mtunzi kutoka Calcutta, walitoa Indo-Jazz Suite: wanamuziki watano wa jazz na watano wa upande wa Kihindi, na Mayer akaandika muziki wa kuwaunganisha. Ni kazi ya heshima na ilifungua njia. Lakini ukiisikiza unasikia mshono: hapa jazz, hapa India.

Shakti sioni mshono, na nadhani sababu ni kwamba kila mmoja aliacha kitu. McLaughlin aliacha umeme, akaacha seti ya ngoma na besi, na kwa sehemu kubwa akaacha kodi. Hata gita likabadilishwa: likaongezwa nyuzi saba zinazopita kimshazari chini ya zile za kawaida, zitetemeke zenyewe, na baadaye mbao ya shingo ikachongwa mashimo kati ya vyuma ili aweze kuvuta noti na kuipinda kama wapigavyo vina. Wahindi nao waliacha ule utengano wa kaskazini na kusini. Tabla na mtungi vikawa vinajibizana kama ndugu wawili wanaobishana mezani.

Kilichobaki ni kile ambacho wote walikuwa nacho tangu mwanzo: kubuni papo hapo, kupotea mbali, halafu kurudi nyumbani pamoja. Kuna kitu kinaitwa tihai. Chukua tala ya teental yenye mapigo 16. Pigo la kwanza linaitwa sam. Unapiga kifungu kimoja mara tatu, na pigo la mwisho kabisa lazima litue kwenye sam inayofuata, yaani la 17 ukihesabu. Kifungu cha mapigo 5, kimya 1, tena 5, kimya 1, tena 5. Jumlisha: 17! Niliandika mistari sita ya Python initafutie njia zote, kwa mapigo mazima na kuanzia kwenye sam. Zikatoka tatu tu: 5 na kimya cha 1, 3 na kimya cha 4, 1 na kimya cha 7. Wao wanafanya kwa nusu na robo, kutoka popote, bila tarakilishi, huku wanacheka.

Haya, kazini. Kampuni yetu imenunua nyingine, na tumeagizwa tuunganishe programu mbili. Moja, ya malipo, niliijenga mimi. Ya pili, ya bidhaa ghalani, ameijenga huyu mwenzangu wa Parklands kwa miaka sita. Wakubwa wana mawazo mawili: ya kwake itupwe, au ziwekwe sambamba na data inakiliwe kila usiku. Juzi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi nitabaki na kazi gani?" Sikuwa na jibu.

Jumatano tunaingia mkutanoni pamoja. Nitapendekeza niache orodha yangu ya wateja, niliyoipenda sana, tutumie ya kwake, kwa sababu ni bora. Naye ataacha sehemu yake ya risiti. Sijui watakubali au la. Lakini mtu asiyeacha kitu hajaungana na mtu.

Shakti ya kwanza ilivunjika mwaka 1978. Ikarudi mwaka 1997 kwa jina la Remember Shakti, na albamu yao ya This Moment ya mwaka 2023 ikashinda Grammy Februari 2024. Zakir Hussain alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 73.

Anza na ile ya 1975. Usiku, kama nilivyoambiwa. Na mniombee Jumatano.