Kalamu na Nauli

Tembea uone, walinena wahenga. Hawakunena nauli itatoka wapi. Suala hilo ndilo lililomkabili binti mmoja wa Illasit, mhitimu wa Kiswahili, alipoitangazia jamaa yake kwamba ataishi kwa kuandika habari za safari bila ya kuajiriwa na yeyote. Tangazo lilipokelewa kwa ukimya wa heshima. Nyumbani walikuwa wakimtarajia mwalimu.

Illasit ni mji mdogo wa mpakani katika Kaunti ya Kajiado, jirani na Loitokitok. Ng'ambo ya kizuizi ni Tarakea, wilayani Rombo, Tanzania. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, umeujaza upeo wa macho wa mji huo, ingawa wote umo nchi ya pili. Haikuwa ajabu, basi, kwamba makala ya kwanza ya binti huyo ilihusu mlima, theluji yake na tembo wa Amboseli. Aliiandika kwa Kiingereza, akaipeleka kwa jarida moja la wasafiri. Mhariri alimjibu kwa adabu kwamba makala za namna hiyo anazo tele.

Mhariri hakudanganya. Ernest Hemingway alipiga kambi karibu na Kimana katika safari yake ya 1953 na 1954, akifadhiliwa kwa sehemu na jarida la Marekani, Look. Kabla yake, tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe kileleni, akaandika kuwa ni theluji, na mwanajiografia William Desborough Cooley wa London akambishia. Katika maelezo yake Rebmann anasimulia kwamba kiongozi wake aliuita weupe ule "baridi" tu. Msafara uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara kuliko mgeni wake. Lakini hakuna kitabu cha Bwana Kheri. Maneno ya upande wake yamesalia kwa kadiri mgeni alivyoona yafaa kunukuliwa. Na neno lenyewe, kwa hakika, halikuwa na kosa: apandaye kileleni hahitaji kufafanuliwa.

Waswahili walioandika safari zao hawakukosekana. Selim bin Abakari, mwenyeji wa Ngazija, alivuka Urusi hadi Siberia mwaka 1896, na maelezo yake yakachapishwa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Hata hivyo, alisafiri akiwa mtumishi wa Mjerumani. Martin Kayamba naye, aliyeandika juu ya ziara yake ya Uingereza ya 1931, alikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge. Mmoja alikuwa na tajiri, mwingine alikuwa na serikali. Binti wa Illasit alikuwa na daftari.

Alijifunza hesabu za kazi hiyo polepole. Malipo huja baada ya makala kuchapishwa, pengine miezi baadaye, ilhali nauli hulipwa kabla ya gari kuondoka. Akaanza kuiuza safari moja mara tatu: makala ya Kiswahili kwa gazeti, nyingine ya Kiingereza kwa jarida, masimulizi kwa redio, na haikuwa tafsiri, kwani kila msomaji ana jambo ambalo tayari analijua. Katikati ya malipo alitafsiri vipeperushi vya watalii na kuwafundisha watoto wa majirani.

Safari iliyomtengeneza ilikuwa ya kwenda Tarakea tu, siku ya soko. Nafaka iliyopimwa kwa gorogoro upande wa kwao ilipimwa kwa sado upande wa pili. Shilingi zilikuwa mbili na hesabu ilifanywa kichwani. Aliandika rasimu kwa Kiswahili, na kabla ya kuituma akarudi kumsomea mama mmoja aliyemhoji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akamkatiza.

"Umesema nauza ndengu?"

"Ndiyo, mama. Hizi za kijani."

"Sijauza ndengu tangu nizaliwe. Hizi ni choroko. Dengu ndizo zile," akaonyesha fungu jingine, la punje kubwa za manjano.

Binti alikuwa na shahada ya Kiswahili. Alilikata neno lake kwa mstari mmoja, akaandika choroko juu yake. Gazeti liliichapa makala hiyo. Malipo yalifika mwezi wa tatu, yakatosha nauli ya kufika Emali na kurudi, na daftari jipya.

Lakini siku ile hakuyajua hayo. Alifungua ukurasa mweupe, akaomba atajiwe kila fungu, maharage baada ya maharage, hadi jua likazama nyuma ya mlima.