Sifuri za Usiku Mmoja

Nilitangaza obiti ya asteroidi ambayo sikuwa nayo. Kosa ni langu.

Tulipiga picha tatu katika muda usiozidi saa moja, na zote zilionyesha nukta inayosogea, isiyolingana na asteroidi yoyote inayojulikana. Nikapima mahali pake, nikaingiza vipimo kwenye Find_Orb, programu ya kukokotoa obiti, na pale inapoonyesha pengo kati ya kipimo na hesabu nikaona sifuri tupu. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimesoma jinsi Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, alivyokokotoa obiti ya asteroidi Ceres mwaka 1801 akianzia na vipimo vitatu vya Giuseppe Piazzi, na Desemba ikaonekana tena. Mimi pia nilikuwa na vitatu. Nikawaandikia wenzetu wenye darubini kubwa zaidi, nikawaambia waitafute wapi wiki iliyofuata.

Hawakuiona.

Nilirudi kutafuta hitilafu: saa ya kompyuta, nyota za rejea, tarakimu. Zote zilikuwa sawa. Ndipo nikahesabu nilichopaswa kukihesabu mwanzo. Kila kipimo hutoa pembe mbili, kwa hiyo vipimo vitatu ni namba sita. Obiti nayo huelezwa kwa namba sita. Sifuri zile zingetokea hata kama nilikosea kidogo kupima. Hazikuthibitisha chochote. Wewe nawe ukiziona, hesabu kwanza una vipimo vingapi, na vimeachana kwa muda gani. Vya Gauss vilitandaa takriban siku 40, Ceres ikapata nafasi ya kuonyesha inavyopinda. Kipande changu cha njia kilikuwa kifupi hata kikaonekana mstari ulionyooka, na obiti nyingi mno zingeweza kupita hapo. Programu ilisema wazi: kando ya kila namba iliweka ± na kiwango cha shaka, na kwenye ukubwa wa obiti shaka ilikaribia namba yenyewe. Niliyaona maandishi hayo. Nikayapita.

Wenzetu walipoteza saa za darubini. Asteroidi ilififia kabla hatujaipata tena, na vipimo vyetu, tulivyovituma Minor Planet Center, kituo kinachokusanya vipimo vya asteroidi, bado havijaunganishwa na kitu chochote. Kinachoniuma zaidi ni usiku wa pili. Anga lilikuwa safi, darubini yetu ilikuwa huru, na nukta ile bado ingeweza kufuatwa kwa kukisia tu mwendo wake. Sikuitafuta. Niliona kazi imekwisha.