Kicheko na Hofu katika Sinema

Kicheko na hofu ni majirani wasioaminiana. Msanii atakaye kuwakalisha nyumba moja hana budi kuamua nani mwenyeji na nani mgeni. Kwa kipimo hicho wahakiki wengi walimhukumu Tim Burton mwaka 2012, alipotoa filamu ya Dark Shadows. Hadithi yake ilitokana na mchezo wa televisheni wa Dan Curtis, ulioonyeshwa Marekani tangu 1966 hata 1971, sehemu zaidi ya 1,200. Mchezo ule uliyachukua mambo yake kwa uzito. Filamu iliyatia mzaha. Wahakiki waliyasifu mapambo, mavazi na uigizaji wa Johnny Depp na Eva Green, lakini walilaumu kuwa filamu haikuchekesha kabisa wala kutisha kabisa.

Lawama hiyo ina haki, lakini haitoshi. Katika hadithi, Barnabas Collins anaukataa upendo wa mtumishi wake, Angelique. Naye, kwa kuwa ni mchawi, anamgeuza mnyonya damu, kisha anauchochea umati wenye mienge umfukie katika jeneza la minyororo. Karibu miaka 200 baadaye vibarua wanalifukua, naye anawanyonya damu.

Tanzania si ngeni wa vitisho vya sinema. Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta katika miaka ya 2000. Lakini Shinyanga na Geita umati wa namna ile haukuishia katika picha. Wanawake wazee waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, yaliyoletwa na moshi wa jikoni. Mara nyingi nyuma ya tuhuma palikuwa na ugomvi wa shamba au urithi. Katika machimbo ya dhahabu ilienea imani kuwa viungo vya mtu mwenye ualbino huleta bahati. Mwaka 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Je, mzaha juu ya uchawi ni haramu katika nchi ya namna hiyo? Sivyo. Hofu isiyochekwa hunenepa gizani, na mpiga ramli hula kwa unene wake. Lakini yapasa kutazama kicheko kinamwangukia nani. Umati wa Burton hauulizi ushahidi. Unaongozwa na wivu wa mtu mmoja, nao hujiona una haki. Hapo filamu inasema kweli. Udhaifu wake ni kwamba aliyefukiwa ni mnyonya damu hasa, hata umati ukapata udhuru. Usukumani waliouawa hawakuwa na kosa. Aliyestahili kuogopwa ndiye aliyeshika panga.

Kwa hiyo mhakiki apimaye uwiano wa kicheko na hofu amefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kuuliza kama mzaha umemcheka mpiga ramli, au umemcheka bibi kizee aliyeketi mbele ya mafiga yake.