Pangi: Karatasi mbili za avenyu moja

Kwa jamaa iliyokimbia vita na kufika Pangi, jimboni Maniema, orodha si karatasi tu. Jina likiwemo, mama anaweza kupata turubai na unga. Likikosekana, anarudi mikono mitupu kwa ndugu aliyempokea.

Tuseme waandikishaji wanne wanaingia kijiji kimoja. Hawagawani barabara; kila mmoja anaandika nyumba anayoikuta bado. Mwishowe avenyu moja inatokea kwenye karatasi mbili: huku nyumba tano, kule saba. Sasa juu ya fishi pameandikwa: "Avenyu ikirudiwa, bakiza karatasi moja." Mkusanyaji atatii, na nyumba tano zitapotea bila mtu kuiba kitu. Agizo hilo lilifaa wakati mwandikishaji alikuwa mmoja, na karatasi ya pili ilikuwa nakala. Kazi ilibadilika, maandishi yakabaki.

Kwenye kompyuta ni vilevile. PostgreSQL, programu ya kutunza data isiyolipiwa, inaweza kutengeneza fahirisi kwa wafanyakazi wengi pamoja (si watu, ni vipande vya programu). Kwa fahirisi ya B-tree ilianza mwaka 2018, kwa BRIN mwaka 2024. BRIN huandika muhtasari wa kila fungu la kurasa, kwa mfano tarehe ya kwanza na ya mwisho. Wafanyakazi wawili wanaweza kusoma kurasa za fungu moja, basi kiongozi wao lazima aunganishe mihtasari yote miwili. Akibakiza mmoja, mwenye kutafuta ataambiwa kitu hakipo, nacho kipo.

Watengenezaji huacha maelezo ndani ya programu. Mashine haiyasomi hata kidogo. Anayeyasoma ni mtu atakayeirekebisha kesho. Ndiyo sababu maelezo ya uongo ni ya hatari: programu inaendelea vizuri, hakuna kengele inayolia, mpaka fundi mgeni ayaamini. Kuyasahihisha ni kazi halisi, ingawa hakuna anayeipigia makofi.

Kwenye fishi, maneno machache yangetosha: "Unganisha karatasi zote za avenyu. Usifute jina kabla ya kuuliza wenye nyumba." Warega wako Shabunda na wako Pangi, na majina ni yaleyale. Zaina wawili katika avenyu moja wanaweza kuwa mama wawili, kila mmoja na watoto wake. Anayeandikishwa ataje pia jina la mama yake na kijiji alichotoka, na asiondoke kabla ya kuona vimeandikwa.